Pipa la Taka la Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu hakuwa na shida na majina yetu. Alituita kwa namba za rejista, na namba ukishapewa umepewa, hata uolewe, uzae, ufungue duka. Mimi ni Kumi na Saba. Sokoni Masasi naitwa Mama Rehema, na wateja wa duka langu la kuchapa na kudurufu wananiita Fundi. Lakini akipita yeye ng'ambo ya barabara na mwavuli wake mweusi, nasikia, "Kumi na Saba! Nywele hizo!" na mimi, mama wa watoto watatu, najikuta napapasa kichwa kuona kama nimechana.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Mwenyewe hakuyapenda mambo hayo. "Kuzaliwa kila mtu amezaliwa," alikuwa akisema, "hata mwizi wa kuku. Niambie mtu huyo alikuwa anafanya nini mvua ikinyesha." Na kwa mtu aliyekulia Newala, juu kule ambako maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa, hilo si swali la mzaha. Mvua ikinyesha kuna anayetega ndoo na kuna anayevuta shuka. Ukimjua mtu kwa hilo, umemjua.

Shuleni alikuwa na sheria nyingi, lakini mbili ndizo zilizotuingia kwenye mifupa. Ya kwanza: usifute. Ukikosea hesabu, piga mstari mmoja kwa rula, andika jibu jipya chini yake. Ole wako akute karatasi imetobolewa na ufutio. "Kosa lako ni mali yako," anakwambia, "sasa mbona unanificha mali?" Ya pili ilikuwa benchi. Nje ya ofisi yake palikuwa na benchi la mninga lisilo na egemeo. Dirisha likivunjwa haulizi nani. Hapigi kengele, hachapi darasa zima kama walivyofanya wenzake. Anatoka, analitazama dirisha, analitazama benchi, anarudi ndani. Basi. Kesho, keshokutwa, au wiki ijayo, aliyevunja anakuja mwenyewe kukaa pale. Kuna mmoja alivunja mtungi wa maji wa walimu, na maji yenyewe ndiyo hayo ya kutoka bondeni. Alikaa benchini baada ya muhula mzima, akaanza kulia kabla hajaulizwa. Adhabu haikuwa kiboko. Ilikuwa kukirudisha ulichokiharibu, kwa mikono yako, hata ikuchukue mwaka.

Alipostaafu alihamia Masasi, akajenga Mkomaindo, mlango unatazamana na hospitali, na hospitali yenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Malaria alijitibu kwa muarobaini. Jino likimuuma alilikemea. Mkewe, Mama Subira, mwanamke mpole mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akisema mume wake ameamua kuishi karibu na hospitali ili aone nani anaingia na nani hatoki. Alisema kwa utani, lakini hakuwa mbali na ukweli, kwa sababu kazi ya Mwalimu Mkuu baada ya kustaafu ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu.

Kwetu mtu hafukiwi hivihivi. Lazima asimame mtu mwenye sauti aeleze huyu aliyelala hapa alikuwa nani. Kanisani walimwita yeye, na sisi Waislamu vilevile tulimwita yeye, kwa sababu alikuwa ametufundisha wote na alijua siri za wote. Tatizo lilikuwa urefu. Mwalimu Mkuu alianza na tabia za marehemu, akapita kwenye makosa yake ya darasa la pili, akaingia kwenye shamba la mikorosho na mpaka uliogombaniwa, na jua lilikuwa palepale utosini. Nakumbuka msiba mmoja Chiwata, mjukuu wa marehemu alizimia. Watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa njaa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaandika wasifu wa watu ambao bado wanatembea. Akanitazama juu ya miwani. "Nyinyi Waislamu mnaniharakisha," akasema. "Mtu anafariki asubuhi, alasiri yuko chini. Mimi nitaandika saa ngapi? Lazima nianze mapema."

Na kweli alikuwa ameanza mapema. Alizunguka na daftari, anabisha hodi, anauliza habari za mjukuu, halafu taratibu anatoa kalamu. Mji ukamjua. Mama Salumu, muuza vitumbua wa karibu na stendi, akiuona ule mwavuli alikuwa anaingia chini ya meza. "Mwambieni nimesafiri!" anapiga kelele kutoka huko chini.

"Mama Salumu, miguu naiona," Mwalimu anajibu. "Nataka kujua jambo moja tu. Ule mwaka wa njaa uliwapikia nini watoto?"

"Ming'oko, mizizi ya porini, Mwalimu! Andika ming'oko uondoke, mimi sijafa!"

Hiyo ilikuwa miaka ambayo soko lilikuwa limeshafunguliwa na kila kitu kinaingia huku kwetu: wanunuzi binafsi wa korosho na mizani zao, nguo za mitumba, simu za kampuni hii na ile, na kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Mtoto wake aliyekuwa Dar akamtumia moja kwa basi. Ilishuka stendi imeviringishwa blanketi, Mwalimu Mkuu akaipokea kwa mikono miwili na kumuuliza kondakta kama ilitapika njiani. Ikaja na skana ya kuingizia picha. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amejifunza kuchapa kwa vidole viwili. Ndani ya miezi sita kompyuta ikaanza kulalamika kwamba nafasi kwenye diski inakwisha.

Akaniita. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo, ameweka mikono kifuani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Kumi na Saba. Huyu mtoto amenyoosha kidole tangu asubuhi. Nimemwambia nimekusikia, shusha. Hashushi."

Nikafungua nikaangalia. Salaala! Kila wasifu alikuwa ameuhifadhi upya kila alipoongeza neno. Mzee mmoja fundi baiskeli alikuwa na faili ishirini na sita, zote zinafanana isipokuwa koma. Nikamwambia, "Mwalimu, tubakize ile ya mwisho, hizi nyingine tufute." Alinitazama kama nimemtukania mama. Ndipo nilipoikumbuka sheria ya kwanza, nikajua nina kazi.

Nikafuta michezo ya karata iliyokuja na mashine, ambayo aliiita upuuzi, ingawa Mama Subira alinikonyeza kwamba mzee anaicheza. Nikafuta yale masalia ambayo kompyuta inajiwekea yenyewe. Onyo likaondoka, wiki ya pili likarudi. Nikaenda tena. Safari hii nikamweleza kwamba faili zimetawanyika vipandevipande, kuna namna ya kuzipanga upya. "Sogeleaneni!" akasema kwa furaha, na mimi nikacheka, maana ndivyo alivyokuwa akituambia darasani tukiwa wanne dawati moja na wa tano amesimama mlangoni. Hakuwahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa nafasi. Nikaianzisha ile kazi ya kupanga, vile visanduku vya rangi vikaanza kuhama, naye akavuta kiti akavisimamia zaidi ya saa mbili kama mtihani wa taifa. Mimi nilimaliza sahani ya ugali wa muhogo na kunde, yeye bado anakemea, "Wewe wa bluu, rudi mstarini." Onyo likarudi Ijumaa.

Mtu huyu alikuwa na mambo yasiyoshikana. Aliwasema wafanyabiashara wanaorundika korosho ghalani, na yeye chini ya kitanda chake kulikuwa na kila chupa iliyowahi kuingia nyumba ile. Alihubiri kiasi, na msimu wa mabibo ukifika alikunywa juisi yake "kabla haijachacha sana", na hiyo sana alikuwa anaipima yeye. Alituambia kifo ni jambo la kawaida kama kengele ya saa nane, halafu akisikia ving'ora vya gari la wagonjwa anafunga dirisha.

Mara ya tatu nilipoitwa nilikuwa na hasira. Dukani nimeacha foleni, umeme wa jenereta la wilaya unakatwa muda wowote, na mzee amenishikilia kwa diski iliyojaa picha za watu wenye tai. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameenda Newala kwenye mazishi. Mama Subira akanifungulia, akarudi jikoni. Nikakaa, nikapekua, na mwisho nikaliona pipa la taka. Jamani! Lilikuwa limefura. Faili mia mbili na kitu, majina ya watu na picha zao kubwakubwa, na aliyeitayarisha mashine ile huko ilikotoka alikuwa ameliachia pipa karibu nusu ya diski. Nikacheka peke yangu. Kumbe mzee anafuta kwa siri! Anajifanya hafuti, kumbe anafuta, ila hajui kwamba taka nazo lazima zimwagwe.

Nikamwaga. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nafasi ikafunguka kama uwanja wa mpira, nikaijaza papo hapo kwa kumwekea programu mpya ya kuchapia aliyokuwa akiililia, ikatandaza vitu vyake kila mahali. Nilipomaliza kulikuwa hakuna cha kurudisha hata ningetaka.

Mama Subira akaleta chai na mihogo. Nikamwambia nimemaliza, lile pipa la mzee lilikuwa linanuka.

"Pipa gani?"

"La kompyuta. Anakotupa."

Akacheka. "Hatupi pale, mwanangu. Pale ndipo anapowaweka walio hai. Waliokufa wako kwenye lile folda lao, walio hai hawezi kuwachanganya nao, ni uchuro. Na akiwaacha wazi mgeni ataona. Mama mkwe wangu enzi za vita vya ng'ambo ya Ruvuma alificha mbegu na kanga zake mpya chini ya jalala. Askari alipekua nyumba nzima, jalala hakuligusa. Mwanawe naye anafanya hivyohivyo. Anafukua, anaandika, anafukia."

Chai ilinipalia. Mama Subira akanipiga mgongoni akaniambia ninywe polepole, sukari ipo.

Ningesema palepale. Najua. Lakini nilikuwa Kumi na Saba tena, na mtungi umeshaanguka. Nikamuaga nikaondoka. Jioni yake Mwalimu Mkuu alirudi, akawasha mashine, na onyo halikutokea. Asubuhi alikuja dukani kwangu na jogoo mzima chini ya kwapa. "Kumi na Saba," alisema mbele ya wateja, "umemaliza kabisa. Hata chembe." Sikujua anamaanisha nini. Jogoo yule nilishindwa kumla, akazeeka mikononi mwangu.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa ya ajabu. Nilianza kuwaombea dua watu ambao hata sikuwapenda. Maana siku ya kwanza mmoja wao kufariki, Mwalimu Mkuu angekwenda kufukua na kukuta pakavu. Mtu akikohoa Mkomaindo mimi natoka jasho dukani. Nilimpelekea Mama Salumu dawa ya kifua kwa mkono wangu. "Mama Rehema, mbona unanipenda hivi?" akauliza. Nikamwambia ujirani. Mzee mmoja dereva mstaafu nilimkataza kupanda juu ya mkorosho, tukagombana, akasema mimi ni mke wa nani hata nimwamrishe.

Kifo hakina foleni, kikamchukua fundi cherehani wa sokoni, asubuhi, bila hata kuugua. Alasiri tulikuwa makaburini. Nikasimama nyuma, na wanawake wachache waliofika. Dua ikasomwa, watu wakaanza kutafuta vivuli, wanajua kinachokuja. Mwalimu Mkuu akasogea mbele. Akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akatutazama. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Huyu," alisema, "ndiye aliyewashonea sare. Wengine waliwashonea watoto kwa kipimo. Huyu aliacha upindo mpana chini ya kila sketi na kila suruali, kitambaa chake mwenyewe, halipwi. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, Mwalimu, mtoto si atakua? Aliacha nafasi. Mimi sina zaidi."

Akarudi nyuma akasimama na watu. Hakuna aliyeondoka, watu walikuwa bado wanasubiri sehemu ya shamba na mpaka. Halafu mtoto wa marehemu akaanza kulia vizuri, kilio cha kushukuru, na mimi nikalia naye, mimi kwa sababu zangu.

Kwa kweli tangu siku ile wasifu wake ukawa mfupi, na misiba ikawa na raha, Mungu nisamehe. Watu walisema uzee umemlainisha. Mama Salumu aliacha kuingia chini ya meza. Na siri haikukaa. Mama Subira alijua mashine imepoteza watu ingawa hakujua walivyopotea, akamnong'oneza Mama Salumu kwamba wote waliokuwa wameandikwa wamefutika. Mama Salumu aliruka. "Nimefutwa kwenye orodha!" Akachoma vitumbua vya bure asubuhi nzima, na aliowagawia wakaja wakiuliza na wao kama wamefutwa. Mimi nilikula viwili.

Mwalimu Mkuu hakuniuliza. Wiki moja baada ya mazishi ya fundi niliona kitu kipya barazani kwake: benchi la mninga lisilo na egemeo. Nilijiambia ni la wageni. Wageni lakini walikalia viti vya plastiki. Nikawa napita kwa upande mwingine wa barabara. "Shikamoo Mwalimu!" "Marahaba, Kumi na Saba." Analitazama benchi, anarudi ndani. Miaka saba. Nimesomesha watoto wawili katika miaka hiyo, nimebadilisha mashine zote dukani, watu wakaanza kuja na vidude vidogo vya kuhifadhia vinavyobeba mara kumi ya diski ile. Benchi liko palepale, limefutwa vumbi kila siku.

Aliyenipeleka benchini ni Mama Subira. Alikuja dukani kudurufu cheti akaniambia mzee amepungua, sasa hawaandiki watu tena, mchana kutwa anaangalia barabara. "Na wasifu wake mwenyewe haupo," akasema. "Alikuwa ameuandika vizuri, miaka mingi, hata mimi hakunionyesha. Ulikuwa humo pamoja na wale waliofutika. Nimemwambia aandike mwingine. Anasema mtu hajiandiki mara mbili."

Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo silifanyi hata sikukuu. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya majabali, masika ya kwanza. Nikapanda baraza, nikakaa benchini. Ni gumu lile benchi. Nilijua amenisikia kwa sababu redio ilizimwa. Akatoka, kofia ya kufuma kichwani, amekuwa mdogo. Akasimama mlangoni.

"Umechelewa, Kumi na Saba."

"Nisamehe, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemwaga pipa. Nilidhani ni taka."

"Hilo nilijua siku ileile niliporudi Newala. Niliwasha, nikaona kuna nafasi. Nafasi haiji bure." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, polepole. "Hapa nilikuwa nangoja muhula uishe."

"Mbona uliniletea jogoo?"

"Nilitaka uone aibu mapema. Nilikukadiria wiki mbili. Mtoto wa yule mtungi alinishinda kwa muhula mmoja, wewe umenishinda kwa miaka saba. Unastahili kuandikwa."

Nilicheka na machozi yananitoka. Nikamwambia nitafanya adhabu yoyote. Akaingia ndani akarudi na daftari jipya la mistari na kalamu ya wino wa bluu. Nyekundu aliiweka mfukoni kwake.

"Kiharibiwacho kinarudishwa. Mia mbili huwawezi, na wengi wao nimeshawasema. Mmoja tu. Wangu. Usiniweke jina, wanaonijua watanijua. Kuzaliwa ruka. Ukikosea piga mstari, usifute. Nitasahihisha nikiwa hai, sitaki kusahihisha nikiwa nimelala."

"Nianzie wapi, Mwalimu?"

Akafungua mdomo ajibu. Tone likapiga bati, la pili, halafu yote kwa pamoja. Nyumba ile ina bomba la maji uani, lina miaka mingi, na siku hiyo lilikuwa linatoka. Mwalimu Mkuu alinyanyuka kama ameitwa rejista. Akaburuta ndoo mbili chini ya mchirizi, akarudi na sufuria, akarudi na beseni la kufulia, akageuza mwavuli wake mweusi juu chini akautega pembeni ya baraza, naye kofia imelowa na kanzu ya kulalia imemganda magotini. Mama Subira alikuwa anamfokea kutoka jikoni aingie ndani. Mimi nimeshika kalamu.

"Kumi na Saba!" akapiga kelele kwenye mvua. "Unaandika au unatega?"

Nikaweka daftari chini ya benchi lisilowe, nikaenda kushika beseni.